Nani Anamchunga Shangazi

Tangu nikiwa mtoto pale kijijini kwetu Kibua kuna jambo lililonikera kwa kukosa jibu: je, shangazi alimpenda mama yangu? Shangazi, dada mkubwa wa baba, miguu yake ilikuwa imepooza tangu utotoni. Mama ndiye aliyemwosha, aliyemgeuza kitandani, aliyempikia. Na kila asubuhi mama alipomletea beseni la maji, shangazi alichovya kidole na kulalamika kwamba yana moto sana. Mama aliongeza ya baridi. Mimi mpelelezi nilichovya changu kwa siri. Maji yalikuwa sawa kabisa.

Kisha likaja lile gonjwa la dunia nzima. Baba alilikejeli; chanjo yake, alisema, ni mambo ya watu wa mjini wasio na shamba la kulima. Lakini redio ilipotangaza kwamba walemavu na wanaowatunza watatangulizwa, alibadilika ghafla. Kumbe chanjo haina ubaya ikiwa unaitwa wa kwanza. Akatoa koti lake la harusi.

Majirani walimbeba shangazi mabegani kwa kipoyi cha mianzi hadi kituo cha afya. Baba aliongoza msafara na koti lake. Mama alikuja nyuma na kikwembe cha kumbadilisha shangazi, akikohoa. Moshi wa kuni za kuchemshia yale maji ulikuwa umemharibia kifua, na mimi niliogopa sana kwamba ugonjwa huu ukimshika hatainuka tena.

Muuguzi alimchoma shangazi sindano, kisha akainua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Ilibaki chanjo ya mtu mmoja tu, na kwa ubovu wa barabara ile hakujua nyingine itafika lini.

“Nani njo anamuchunga huyu mama?” akauliza.

Baba alikuwa ameshavua koti. Sikushangaa. Kwetu mgonjwa ni wa ndugu zake wa damu, na kwenye mambo ya mbele za watu ndugu mwanamume ndiye anayesimama. Hata mama alijivuta pembeni kumpisha. Nilifungua mdomo kwa hasira, lakini shangazi alinitangulia.

“Huyu iko ndugu yangu,” alisema. “Mwenye kunichunga iko ule mama pale, mwenye kukohoa. Ule akikufa, na miye nakufa.”

Alisema kwa sauti ile ile ya kulalamikia maji. Baba alivaa koti lake, mkono mmoja, kisha wa pili. Mama ilibidi aambiwe tena na tena akae kwenye kiti, maana alidhani wamekosea mtu.

Asubuhi iliyofuata mkono wa mama ulikuwa umevimba, na shangazi akakataa katakata abebe beseni. Aliitwa baba. Tulimsikia jikoni akipigana na kuni, akikohoa, akitafuta sufuria iliyokuwa mbele yake. Alipoleta maji, shangazi alichovya kidole.

“Iko moto sana.”

Nikachovya na mimi. Safari hii yaliunguza kweli. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akainuka, kama kawaida yake, kwenda kuleta ya baridi.

“Wewe, ikala,” shangazi akamwambia.

Mama akakaa, na baba akaenda kuchota ya baridi.