Mguu Uliokataa Kupimika

Kazi yetu ilikuwa kusikiliza damu. Tulikuwa mwaka wa tano wa udaktari, mimi wa Rongo na mwenzangu, msichana wa Kehancha, na tulitumwa kuzunguka kliniki za kisukari za Migori na Homa Bay tukipima kama damu inafika miguuni. Aliyetutuma ni mwalimu wetu, daktari mpasuaji wa mishipa ya damu kule Kisumu. Kisukari huziba mishipa ya miguu polepole, na wengi hugundua wakati kidole kimeshakuwa cheusi.

Kupima kwenyewe si kazi ngumu. Unafunga mkanda wa presha juu kidogo ya kifundo cha mguu, unapaka jeli, unaweka kalamu ya kifaa cha kusikilizia juu ya mshipa, na damu inasikika: shwaa, shwaa, shwaa. Unajaza mkanda upepo mpaka sauti ikatike, kisha unauachia. Sauti ikirudi, hiyo ndiyo presha ya mguu, nawe unailinganisha na ya mkono. Nilimsumbua mwalimu kwa maswali mpaka akaniambia utafiti si mjadala wa baa. Swali moja alilijibu. Mguu ambao sauti yake haikatiki hata mkanda ukijaa, tuandike "haupimiki", tusiuhesabu.

Migori tulimaliza bila shida. Sindo, upande wa Homa Bay, ndiko tulikokwama.

Alikuja mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akiegemea fimbo na bega la shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Wiki kadhaa zilizopita alikuwa amechomwa na mwiba wa samaki aina ya ngege kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, na kidonda hakikupona. Ncha ya kidole ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Aliniangalia akacheka.

"Huyu ndiye daktari? Ndevu hata hazijaota! *Nyathina*, mwanangu, mama yako anajua uko huku unashika miguu ya watu?"

"Anajua, mama. Yeye ndiye alinifundisha kunawa mikono."

Mama alisema kwa Kiswahili, si Kijaluo, ili mwenzangu naye aelewe, na mwenzangu akacheka. Nilimfunga mkanda. Sauti ilikuwepo lakini hafifu, kama mtu anayefagia chumba cha mbali. Nikajaza upepo. Haikukatika. Nikaongeza mpaka mkanda ukawa mgumu kama tairi, mama akakunja uso, na bado sauti ilikuwa pale pale.

"Haupimiki," mwenzangu akasema, tayari anafungua mkanda. "Mama, asante. Tumemaliza."

"Hatujamaliza," nikasema.

"Utaratibu unasemaje?"

"Utaratibu unasema mshipa wake umekuwa mgumu mpaka mkanda hauwezi kuubana. Huyo ndiye mgonjwa kuliko wote, na ndiye tunamrudisha nyumbani?"

"Hatumrudishi. Yuko kliniki, na kliniki ina watu wake. Sisi karatasi aliyotia sahihi inasema kupima tu." Akanisogelea. "Kila kitu kwako ni kesi. Ukimtisha akimbie asirudi hata kwa sindano, utajibu wewe?"

Hilo lilikuwa kweli. Shemeji alikuwa anatusikiliza. Alishika fimbo ya mama na kuinuka.

"Twende. Hawa wanataka kukupeleka Kisumu. Kisumu ni kukatwa. Jirani yetu alikwenda na miguu miwili."

Mama alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Nikamwomba kitu kimoja tu, alale kitandani na kuinua miguu yote miwili. Ni kipimo cha kizamani tulichofundishwa darasani, hakihitaji kifaa. Alilala huku ananung'unika, mimi na mwenzangu tukashika kila mmoja kisigino chake. Paa la mabati lilikuwa linachemka.

Unyayo wa kulia ulibaki na rangi yake. Wa kushoto ulianza kufifia taratibu, kuanzia vidoleni, mpaka ukawa kama jivu. Nilimwomba akae, aning'inize miguu. Wa kulia haukubadilika. Wa kushoto ulikaa umepauka muda mrefu, kisha ukaiva wekundu wa zambarau.

Shemeji aliinama mpaka magoti yakagusa sakafu.

"Mbona mmoja tu?" akauliza, si kwa ukali tena.

"Mshipa wa huu umeziba. Damu inashuka kwa sababu mguu uko chini," mwenzangu akamjibu kabla yangu. "Ukiinuka haina nguvu ya kupanda." Akatoa simu yake akampigia mwalimu.

Nilisikia mwalimu akiuliza namba za presha. Mwenzangu akasema namba hakuna, akaeleza unyayo, kidole na mwiba. Mwalimu akasema, "Aje leo, si kesho. Nitakuwa hospitalini."

Ilibaki mama mwenyewe aamue. Alinigeukia.

"Watanikata?"

Mwenzangu alinitazama kwa macho ya kunisihi niseme hapana. Shemeji naye. Ningesema hapana, angepanda gari papo hapo.

"Sijui, mama. Kidole naona hakiponi. Mguu, ukiwahi, wanaweza kuufungulia njia ya damu. Ukingoja, sioni watauokoaje."

"Kwa hiyo niende nikakatwe kidole?"

"Kuna uwezekano huo."

Alikaa akiutazama ule mguu, akiugusa kwa upande wa nje wa vidole vya mkono, kama mtu anavyopima joto la mtoto. Kisha akamwambia shemeji atafute gari, na amwambie binti yake aingize omena ndani mvua isije ikazikuta nje. Shemeji alitoka mbio.

Kisumu waliupanua mshipa. Walikata vidole viwili, si kimoja, na mguu ukabaki. Mama alinipigia akiwa bado wodini, na sikuwa hata nimemaliza kumsalimia.

"Ulisema kidole kimoja! Kimoja! Hiki cha pili nani aliwapa ruhusa? Sasa hivi ndala inatoka kila nikipiga hatua, nalazimika kurudi kuiokota, na manesi wananicheka."

"Unatembea, mama?"

"Sasa nitaiokotaje kama sitembei?" Akaendelea kunigombeza, na mimi nikakaa kwenye ngazi za hosteli nikamsikiliza mpaka akachoka.