Mkono wa Chuma Uliozirai kwa Joto

Niliamini, kwa moyo wangu wote na cheti changu cha masomo ya jioni, kwamba roboti huzirai kwa joto la Garissa. Usinicheke. Joto letu huchemsha chai birika likiwa bado dukani.

Aliyeniambia ni kaka ya mama. Kwetu mjomba na mpwa huitana abti, wote wawili, na neno la abti hulipimi mara mbili. Yeye alikuwa msimamizi wa kiwanda kidogo cha maziwa ya ngamia, na sisi vibarua wa kupanga kreti tulizibeba hadi migongo ikawa migumu kama milango. Siku moja kampuni ikaleta mkono wa chuma, mrefu kuliko twiga wawili, ujaribiwe kupanga kreti. Tukaona kazi imekwisha. Abti akatutuliza: kitu hicho ni cha nchi za baridi, kila mchana kitazirai, kampuni itakirudisha yenyewe. Sisi tumsaidie tu fundi kutoka Nairobi, tusionekane wakaidi.

Basi kila asubuhi tuliushika mkono ule na kuupitisha njia zetu zote: kuinua kreti bila kuyatikisa maziwa, kuzibana pembeni zisianguke lori likiingia kwenye mchanga. Adhuhuri tulienda kuswali. Tukirudi, tunaukuta umeinama, kimya. Alhamdulillahi, tunasema, jua limefanya kazi yake.

Mimi nikauonea huruma. Ngamia akizidiwa na jua humwekei kivuli? Nikaleta mkeka wa mama, ule wa kufunikia kibanda cha porini, nikautundika juu yake. Nikaupepea kwa kipande cha boksi, na kuuombea dua. Nilimuuguza aliyekuja kunizika.

Majaribio yalipoisha, mlinzi alituzuia getini. Kupitia dirisha la kiwanda niliuona ukipanga, saa saba mchana, jua la kupasua mawe, kreti zimebanwa pembeni vilevile ninavyobana mimi.

Nilimfuata abti nyumbani kwake. Akanimiminia chai mwenyewe. Nikamwambia leo mgonjwa wetu amepona.

Akajibu akikiangalia kikombe changu, si mimi.

“Abti, haujawahi kuzirai. Mkienda kuswali mimi nilikuwa nauzima, fundi ahifadhi mliyoufundisha. Mngejua unachukua kazi yenu, msingeufundisha.”