Barafu ya Mke Mwenza

Mume wangu hajaoa mke wa pili, lakini mke mwenza ninaye. Ni mweupe, ana mstari wa buluu kiunoni, na kutwa yuko majini pale Kilifi anabembea. Ni boti. Mwenyewe ni mzee wa Kizungu, leo yupo kesho kaenda kwao, na mume wangu ndiye nahodha, ndiye mlinzi, ndiye msafishaji, ndiye kila kitu. Akirudi nyumbani ananihadithia alivyomsugua, alivyompaka rangi, alivyomtia mafuta viungo vyote. Mimi ninasuka nywele kutwa nzima mpaka shingo inaniuma, bwana anaingia, anauliza chakula kiko wapi.

Ngoja niwaeleze tulivyokuwa tukigawana mume. Mzee yule alitaka mtu alale botini, kwa sababu injini za boti za wenzake zilikuwa zikiibwa pale pale zilipofungwa. Msimu wa kusi, kukiwa na kijibaridi, mume wangu alilala huko, kwenye kebini, kijichumba cha chini ambacho mtu mzima hasimami wima. Lakini kaskazi ikiingia, kebini ile hailaliki. Joto la mchana linajifungia mle ndani mpaka alfajiri, hata godoro linatoka jasho. Basi miezi hiyo boti huangaliwa na mlinzi wa ufukweni, na mume wangu anakuja kulala kwake. Wake wenza wa watu hugawana siku. Sisi tuligawana misimu: kusi yake, kaskazi yangu. Zamu ni zamu, na mimi nilikuwa nimeridhika nayo, shingo upande, lakini nimeridhika.

Kaskazi ikishika kasi, mashoga zangu hujipepea na vipepeo vyao na kulalama, "Jamani, mwaka huu si joto, ni moto!" Mimi huitikia, "Kweli, mwenzangu," na moyoni naomba, Ya Rabi, ongeza. Wao wanaliona joto adui, mimi ndilo lililokuwa likiniletea mume mlangoni.

Sasa, kaskazi moja ndiyo kwanza imeanza, bwana akaja mchana na feni ndogo ya betri, kipande cha bomba la plastiki na kona zake mbili, zile mafundi wa maji wanazoziita elbo. Akaviweka uani. Akaniuliza, "Mama watoto, lile sanduku la barafu la marehemu baba liko wapi?"

Sanduku lile ndilo urithi wangu. Baba alikuwa mchuuzi wa samaki Malindi. Alilifunga nyuma ya baiskeli, akalijaza samaki na barafu, akaenda kuuza Ganda, na siku nyingine akapanda gari nalo mpaka Marafa. Alipofariki ndugu zangu waligombania kitanda na kabati, mimi nikachukua sanduku, wala hakuna aliyelitaka. Sherehe zote za mtaani sharubati hupozwa humo. Nikamtolea, nikidhani anataka kutilia maji ya kunywa. Nilikwenda jikoni kugeuza samaki, na niliporudi nikamkuta kapiga magoti, msumeno mkononi, ameshatoboa tundu moja kwenye kifuniko na anachora mengine.

"We bwana! Unafanya nini?"

"Kiyoyozi," akasema, hata kichwa hakuinua. "Feni inasukuma hewa ndani, hewa inapita juu ya barafu, inatoka hapa ikiwa baridi. Mzee ameona video yake kwenye simu, akanitumia niitazame. Anasema kebini ikipoa, nilale humo mwaka mzima."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima," akajibu, akaendelea kukata.

Lo! Nilisimama pale na mwiko mkononi. Kaskazi yangu ilikuwa ikikatwa mbele ya macho yangu, na kwa sanduku la baba yangu. Feni ya chumbani kwetu inalia kama mbuzi tangu tuhamie nyumba ile, nimeomba itiwe mafuta, nimeomba tena, jibu ni kesho. Lakini yule mweupe akisikia joto kidogo tu, anaundiwa kiyoyozi! Nilinuna. Nilinuna hasa, mnuno wa kuweka sahani mezani kwa kishindo. Mavyaa, mama yake mume wangu, tukiishi naye nyumba moja, akaniita pembeni. "Mwanangu, usishindane na chombo," akaniambia. "Chombo hakinuni." Nikaona hata yeye yuko upande wa boti.

Alipomaliza kuziba nyufa na gundi, akalijaribu chumbani kwetu. Alitia chupa za maji yaliyoganda, akaunga feni kwenye betri, akaielekeza elbo kitandani. "Kaa hapo," akaniambia. Nikakaa. Ule ubaridi ulinijia kwenye nyayo, ukapanda magotini, ukaingia ndani ya dera mpaka mgongoni, na mimi niliyekuwa nimekaza uso nikajikuta nimefumba macho. Nilisikia raha mpaka nikakasirika.

"Vipi?" akaniuliza.

"Linanuka samaki," nikasema.

Akacheka, akalizima, akalibeba kichwani kwenda nalo botini. Na nani alikuwa akigandisha hizo chupa? Friza ya kwangu, mikono yangu. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea. Kila asubuhi nilizitoa chupa nikazifunga kwenye gunia, nikamkabidhi mume wangu akampoze mwenzangu.

Akawa halali nyumbani. Kaskazi, zamu yangu, na upande wake wa kitanda umenyooka vile nilivyoutandika! Anakuja asubuhi mkavu, shati halina hata tone la jasho, anapiga mluzi. "Usiku nimejifunika shuka," akaniambia mbele ya mama yake. Shuka! Mimi nimekesha nikijigeuza kama chapati, halafu mtu ananiambia shuka. Nilitamani nimrushie chai.

Nilikuwa nikichambua mchicha ndipo nikamkumbuka baba na chumvi yake. Siku za kwenda Ganda, ambako ni karibu, alikuwa akivunja barafu vipande vipande na kuimwagia chumvi ya mawe, ile inayotoka mashamba ya chumvi ya Gongoni. Samaki walikuwa wakipoa mpaka vidole vinakufa ganzi ukiwashika. Lakini siku za Marafa chumvi hakuigusa kabisa. Nilimuuliza kwa nini, nikiwa bado mdogo. Akaniambia barafu yenye chumvi ina hasira, inapoza sana na inakwisha upesi, na mwenye hasira hafiki mbali.

Bwana aliporudi nilimpokea gunia mlangoni. Nikamtilia maji ya kuoga. Nikamwambia kwa sauti ambayo hata mimi sikujua kama ninayo, "Baba watoto, hizo chupa zinakuzuilia baridi. Marehemu baba alikuwa hatumii chupa. Alikuwa akivunja barafu, akaitilia chumvi ya mawe. Mimi nitakugandishia kwenye makopo, na chumvi nitakununulia."

Akanitazama. "Kweli?"

"Mimi nimelelewa na sanduku hilo, wewe!"

Kesho yake akachukua makopo ya barafu na chumvi. Siku hiyo hiyo, watu wanatoka msikitini baada ya Isha, nikasikia hodi. Mume wangu mlangoni, shati limemganda mwilini kwa jasho. "Imepoa sana," akasema, "lakini barafu imekwisha yote."

"Pole, bwana. Joto la mwaka huu halina huruma." Na meza nilikuwa nimeshaandaa, samaki wa kupaka na wali wa nazi, kwa maana nilijua anakuja.

Tukaendelea hivyo. Akisema haitoshi, namwongezea barafu, na nikimwongezea barafu namwongezea na chumvi. Akifika pale mlangoni ameloa, nampa pole ya kweli kabisa, na moyoni napiga vigelegele. Kuna siku nyaya za feni zilishika kutu ya kijani kwa ule unyevu wa chumvi, akazikwangua, akaziunga tena, wala hakuuliza chochote. Nikasema, ama kweli, mwanamume mpe injini, mengine msamehe tu.

Basi yule mzee akarudi kutoka kwao. Akatualika mchana tukaione kazi ya mume wangu. Sikuwa nimewahi kupanda boti ile. Nilikuwa nimeapa sitampa heshima hiyo. Lakini siku hiyo nilijifukiza udi, nikatia asumini nywelini, nikavaa buibui langu la sikukuu. Huwezi kwenda kwa mke mwenza ukiwa ovyo.

Nikateremka kebini nimeinamisha kichwa. Pasafi! Nyumbani soksi zake naziokota mimi, na huku kila kamba imekunjwa duara lake. Sanduku la baba lilikuwa pembeni limefungwa mikanda lisiteleze. Elbo ya kwanza ilielekea godoro. Nikaifuata ya pili kwa macho nione inampepea nani. Ilikuwa inaipepea betri. Betri! Na kwenye kidirisha, badala ya pazia, palitundikwa leso yangu ya zamani, ile kanga nyekundu niliyoitafuta nyumba nzima mpaka nikamshuku jirani. Damu ilinipanda. Sanduku langu, barafu yangu, sasa na leso yangu. Alibakisha nini, meno?

Tukakaa kwenye kibao, mimi na mume wangu, mzee akiwa mbele yetu. Kiswahili anakijua, cha kukokota lakini anakijua. Akasema, "Mama, mashine nzuri. Lakini barafu inaisha mapema. Mimi nimeuliza rafiki yangu. Anasema chumvi ndiyo mbaya. Bila chumvi itafika asubuhi."

Sikuthubutu kumtazama bwana. Nikasema sasa leo, ndiyo leo. Chumvi ikitoka, barafu inafika alfajiri, na kaskazi yangu inakwenda na maji.

Mume wangu akakohoa. "Hapana, mzee," akasema taratibu. "Bila chumvi hakupoi. Huyu mke wangu baba yake ameuza samaki maisha yake yote, na sanduku lenyewe ni lake. Muulize mwenyewe."

Nikageuka kumtazama. Alikuwa anakunja kamba ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Lakini chini ya kibao, mguu wake ulikuwa juu ya mguu wangu, na alikuwa anaukanyaga. Mtu aliyeishi kwenye chombo hakanyagi kwa bahati mbaya, anajua mguu wake uko wapi hata gizani. Akaukanyaga tena, kwa nguvu zaidi.

"Mzee," nikasema, "barafu bila chumvi ni maji yaliyonuna tu. Marehemu baba alikuwa akitia chumvi."

Na kutia alikuwa akitia, siku za Ganda. Marafa mzee hakuniuliza.

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Basi kaskazi mtu hawezi kulala hapa."

"Hawezi," mume wangu akadakia, upesi mno. Wakakubaliana mlinzi wa ufukweni aendelee kama zamani, na kiyoyozi kiwe cha mchana, mzee akiwa na wageni wake.

Tulitembea kurudi nyumbani. Tulipofika pasipo na watu nikasimama. "Ulijua?"

"Mimi mtu wa bahari, mtoto wa mvuvi. Unadhani sijui chumvi inavyoifanya barafu?"

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliponiambia. Wewe hujawahi kuniambia jambo kwa upole namna ile. Nikajua hapa pana kitu."

Nilitaka kucheka nikajizuia. "Na sanduku la baba yangu, kwa nini ulilitoboa?"

"Mzee ameniagiza, nitamwambia nini? Kwamba mimi mtu mzima na ndevu zangu nataka kulala kwangu?"

"Ungemwambia hivyo hivyo!"

"Haya," akasema, "siku nyingine utamwambia wewe."

"Mbona ulikuja unapiga mluzi? Mbona ulijifunika shuka?"

"Kujifunika nilijifunika. Kulala sikulala."

Hapo ningeweza kuyaachia hapo, mwanamke mwenye akili angeyaachia hapo, lakini mimi bado nilikuwa naiona leso yangu nyekundu kwenye kidirisha cha yule mweupe, imetandazwa vizuri kuliko nilivyowahi kuivaa mwenyewe. "Leso yangu nirudishie," nikamwambia. "Kesho. Haiwezekani anipokonye mume nusu mwaka, na nguo pia avae yeye."

"Leso siitoi."

"Kwa nini?"

Hakunitazama. Alikuwa anatazama barabara, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeaibika. "Kusi ni ndefu," akasema.

Sikuidai tena. Asubuhi yake nikatoa makopo ya barafu kwenye friza, nikaweka na mfuko wa chumvi juu, na yeye mwenyewe akaniambia niongeze kidogo.