Koleo na Mafuta ya Kitani

Wifi yangu ni msusi, na jina lake la kazi ni Koleo. Wateja ndio waliompa, wakiwa wameshika vichwa. Akikusuka, ngozi ya uso inavutwa mpaka unaonekana umeshangaa wiki nzima, na usiku wa kwanza hujui ulalie upande gani. Lakini msuko wake haufumuki ovyo. Mtu anatoka pale machozi yanamlengalenga, anarudi baada ya mwezi na zaidi mistari ikiwa ileile, tena kamleta na dada yake. Mimi ndiye muosha nywele wa saluni hiyo, kwa hiyo machozi hayo nayajua kuanzia sinki.

Tatizo la Koleo lilikuwa kichwa chake mwenyewe. Nywele za mbele zilikuwa zinahama. Kila mwaka paji la uso lilijiongezea kiwanja, na juu ya masikio palishaanza kung'aa. Akawa anavaa wigi kazini, akidai anatangaza bidhaa. Chini ya wigi nilikuwa namsuka mimi, na kazi yenyewe ilikuwa ya matusi matupu.

"Vuta, wifi! Unanisuka au unanibembeleza?"

Basi navuta. Siku moja, tukiwa wawili tu, alijitazama kwenye kioo bila wigi akaniuliza, "Hivi wateja wakiona hiki kipara, nani atanipa kichwa chake tena?" Nilitaka kufanya mzaha, nikaona macho yake, nikaumeza. Saluni ndiyo iliyokuwa inatulisha sote nyumbani kwao, nami nikiishi humo.

Ndipo akatokea mama wa virutubisho, na mkoba mkubwa kuliko yeye. Alitoa chupa nyeusi ya mafuta ya mbegu za kitani, akaiweka mezani kwa heshima kama anaweka mtoto mchanga. Kwa maelezo yake, mafuta hayo yanaotesha nywele, yanang'arisha ngozi, yanautuliza moyo, yanafungua tumbo na kulegeza magoti. Nilikaa nikisubiri aseme yanafua na nguo. Koleo hata hakusubiri. Alishaanza kutafuta pochi.

Masharti yalikuwa kijiko kimoja kila asubuhi, chupa ikae kwenye friji, na yasiwekwe motoni kabisa. Nilionja nipate la kusema. Ni kama umelamba mlango uliopakwa rangi jana. Koleo alikuwa anameza huku amefumba macho na kukunja vidole vya miguu, halafu anakimbilia kioo, kana kwamba nywele zingeota kabla kijiko hakijaoshwa.

Kaka yangu, mumewe, hakuwa ameelezwa masharti. Aliamka na njaa, akaona chupa imeandikwa mafuta, akakaanga mayai. Jiko zima likajaa moshi na harufu ya samaki aliyesahauliwa. Koleo alitoka chumbani akipiga kelele ungedhani nyumba inaungua.

"Umekula nywele zangu!"

Kaka yangu ana kipara tangu ujana wake. Alijipapasa utosini, akatafuna, akasema, "Tulia, mke wangu. Kesho nikiamka na rasta tutajua kama yanafanya kazi."

Hakuamka na rasta. Chupa ya kwanza ikaisha, ikaja ya pili. Nisiwe mnafiki: visigino vya wifi yangu vililainika kidogo, na habari za tumbo lake, ambazo hakuna aliyeziuliza, zilikuwa njema kila asubuhi. Hata nywele za nyuma zilipendeza. Za mbele ziliendelea kuhama, hazikujua kama kuna mtu anakunywa dawa.

"Wifi," nikamwambia, "labda tupunguze kuvuta."

"Kazi yako kuosha. Osha."

Nilikasirika, na ile jioni nilimsuka kwa hasira hasa. Akasema siku hiyo ndiyo nimejitahidi.

Wiki iliyofuata shule zilikuwa zinafunguliwa, akamkalisha binti yake wa darasa la nne jikoni ili amsuke. Mimi nilikuwa kando namenya vitunguu. Mtoto huyo halii. Alifundishwa mapema kwamba binti wa msusi akilia anaharibu biashara, kwa hiyo anashika tu magoti yake na kuuma mdomo. Koleo alivuta, akabana, akamaliza, akampigapiga begani: haya, umependeza, nenda.

Mtoto hakwenda. Alifungua friji, akatoa chupa ya mafuta, akachukua na kijiko.

"Mama, na mimi nimiminie."

"Weka hapo! Hayo ni ya wakubwa. Wewe unaumwa nini?"

"Na mimi zinatoka."

Akageuza kichwa atuonyeshe. Juu ya sikio, pale mstari wa kwanza ulipoanzia, palikuwa na vipele vidogo vyekundu, na kando yake sehemu laini isiyo na unywele hata mmoja. Mimi shangazi yake ninayemuosha kichwa sikuwa nimeiona. Koleo alipapasa pale kwa kidole gumba, polepole, akarudia. Halafu kwa ukali wa mama yeyote aliyekuta mwanawe kaumizwa, akauliza:

"Nani amekufanya hivi?"

Mtoto alimtazama, akanitazama mimi. Alidhani ni mtego.

Sijawahi kumuonea huruma mtu kama nilivyomuonea Koleo dakika ile, na mimi si mtu wa huruma. Alijibwaga kwenye kigoda. Kisha akamvuta mtoto katikati ya magoti yake na kuanza kufumua, mstari mmoja mmoja, akilia wazi bila hata kujifuta kamasi. Mtoto naye, kuona mwenye biashara analia, akapata ruhusa. Akalia vilio vya miaka yote aliyosukwa.

"Watasema mkono wangu umelegea," Koleo akasema, hajulikani anaongea na nani. "Wataenda kwa wengine."

"Wengine watarudi," nikasema, ingawa sikuwa na uhakika.

Mtoto alipoachiwa, nywele zimesimama kila upande, Koleo alivua wigi, akakaa chini sakafuni mbele yangu. Akaniambia nioshe mikono yenye vitunguu, nimfumue na yeye, na nisivute.