Majani ya Hariri kwa Sikukuu ya Nyota

Siku yangu ya kwanza kazini Matrah, bandari ya Maskati, mwaka sitini na nne, nilipewa sindano nikaambiwa nikae chini. Cherehani zilikuwa tatu na kila moja ina mwenyewe. Mimi nimetoka Unguja, skuli sikufika mbali, ila kofia za viua nazijua: vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi mpaka kofia inasimama yenyewe. Fundi Mkuu wetu, mtu wa hapa hapa aliyewahi kukaa Mombasa, aliitazama kofia yangu, akasema nzuri, akanipa vifungo nishone. Vifungo miaka minne. Cherehani nikawa naiota.

Mwaka sitini na nane mafuta yalikuwa yameshaanza kusafirishwa, na meli za Kijapani zinakuja kuyachukua. Siku moja akaingia mpishi wa meli, mfupi, mcheshi, anasema Kihindi cha bandarini ambacho Fundi Mkuu alikijua. Alitaka tawi la mwanzi lenye majani, kwa sikukuu yao ya nyota, siku ya saba ya mwezi wa saba. Mwanzi ulikuwepo sokoni, unaletwa kutoka India kwa kazi ya kuezekea, lakini mkavu, hauna hata jani. Fundi Mkuu akaninyooshea kidole.

"Huyu atakushonea majani." Kisha akanambia mimi: "Ukiharibu, vifungo mpaka ufe."

Nikakata hariri ya kijani, nikashona majani kama nnavyoshona kofia: mapande mawili, uzi wa kujazia katikati, nikatia kanji, yaani wanga wa kukazia nguo. Nikayafunga kwenye mwanzi mkavu, yakasimama kama masikio ya punda. Nikajiona bingwa. Mpishi akalitikisa tawi, akatega sikio, akasikitika. Kumbe majani yao yanatakiwa yacheze na upepo, yasikike. Fundi Mkuu alilisogeza kopo la vifungo karibu yangu.

Nikafumua yote. Safari hii pande moja tu, bila kanji, kila jani limeshikwa kikonyoni kwa uzi. Nikalitoa tawi mlangoni, upepo wa moto ukapita, majani yakanong'ona. Mpishi akapiga makofi, akatualika melini.

Kule walitundika vikaratasi vya rangi kwenye tawi langu, kila mtu kaandika anachokitaka. Mpishi akatupa hadithi, Fundi Mkuu akanifasiria. Nyota moja ni mwanamke, mfumaji nguo. Nyingine mwanamme, mchunga ng'ombe. Walipooana walipendana hata kazi wakaziacha. Baba wa mwanamke akaghadhibika, akawatenga kwa mto wa nyota, wafanye kazi mwaka mzima ndo wakutane siku moja. Na mvua ikinyesha mto unafurika, hawavuki.

"Baba ana haki," alisema Fundi Mkuu. "Na wahamie Maskati. Huku mvua haitawasumbua."

Mpishi alicheka mpaka akakaa chini. Akasema zamani kwao mabinti waliomba siku hiyo wapate mikono mizuri ya kushona, akanipa kikaratasi na mimi. Fundi Mkuu akanikazia macho: dua haipelekwi kwa nyota. Hilo nalijua kabla yake. Nikakirudisha kwa adabu, nikamgeukia Fundi Mkuu.

"Dua yangu nampelekea Mungu, Mzee. Cherehani naitaka kwako."

Mpishi akauliza nimesema nini. Ikabidi Fundi Mkuu amfasirie, na mpishi akawafasiria wenzake, na mabaharia wote wakageuka kumtazama yeye.

"Khalas, yameisha," akasema. "Kesho kaa kwenye cherehani yangu, ile ya dirishani."

Toka hapo sikurudi chini. Mambo yalipofunguka mwaka sabini, alipoingia Sultani mpya, nilishona sare za skuli mpya, baadae nikafungua duka langu Ruwi, na waliosoma wakawa wananingoja mimi. Vijana mnaniuliza siri. Mikono nilikuwa nayo miaka yote minne. Mdomo ndo uliochelewa.

Macho yaliponilazimisha kustaafu, wanangu wa kiume walikaa wakisubiri nigawe mali. Binti yangu aliniletea chai, akaiweka, akasema, "Baba, duka nalitaka mimi."

Nikaondoka kitini nikamwachia. Chai niliinywa nimesimama.