Cheti cha Siku Tisini

Desderius Niyibizi anaudhi. Ukimsalimia, macho yake yako kwenye simu. Ukimkaribisha chai, anauliza kama umeme umerudi. Nimemvumilia miaka sita katika kikundi chetu cha hapa Ngara mjini, kinachotafuta watoto waliopotezana na wazazi wao katika kambi ya wakimbizi ya Benaco mwaka 1994. Mimi napokea majina, yeye anatunza tovuti yenye orodha.

Tovuti hiyo ina cheti cha usalama, hicho wanachokiita SSL. Kinamhakikishia anayefungua orodha kwamba amefika kwetu kweli, na kwamba anachoandika hakisomwi njiani. Kinadumu siku tisini, kisha lazima kihuishwe. Vikumbusho vilikuwa vinakwenda kwenye barua pepe ya Fideli, aliyeijenga tovuti. Fideli alifariki ghafla wakati wa Kwaresima. Tulimzika, tukamlilia, na hakuna aliyekumbuka kwamba marehemu bado anaandikiwa.

Cheti kikaisha muda. Kila aliyefungua orodha alikuta onyo jekundu kwamba tovuti si salama na wezi wanaweza kuchukua taarifa zake. Desderius aligundua siku ya tisa, akakihuisha kwa dakika kumi. Lakini Bibi Ntirampeba wa kijiji cha Murukulazo alikuwa ameshasomewa onyo lile na mjukuu wake, akanipigia simu.

"Futeni jina la mwanangu."

Ineza alipotea akiwa na miaka minne. Jina likifutwa, hata kama yu hai asingejua anatafutwa. Mimi nilitaka kumbembeleza bibi kwa simu tu, yaishe. Desderius akawasha pikipiki, nikapanda nyuma nikinung'unika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmefuta?"

Desderius akamweleza kwamba hakuna kilichoibwa, ni tarehe tu ilipita.

"Baba, mimi nimeishi kwa karatasi za ukimbizi," alisema bibi. "Karatasi ikiisha muda, anayefuata ni askari. Sitaki askari wamfuate Ineza."

Niliona aibu kwa manung'uniko yangu. Desderius akafungua taarifa za cheti kwenye simu, akamwonyesha tarehe ya mwisho. Bibi aliikazia macho.

"Hii ikifika utajuaje? Safari hii hukujua."

"Kabla haijafika nitakuja nikuonyeshe mpya."

Bibi akamrudishia simu. "Basi liacheni."

Wiki hiyohiyo Desderius aliweka programu inayohuisha cheti yenyewe. Safari za Murukulazo hazikuwa za lazima tena, nami nilimcheka: mtaalamu mzima anasafirisha tarehe kwa pikipiki! Hakuacha. Bibi alipoanza kupoteza macho, Desderius alimsomea tarehe, naye akairudia kwa sauti: siku, mwezi, mwaka.

Mwezi uliopita tulimzika bibi. Tuliporudi ofisini Desderius alikaa kwenye kompyuta bila kuvua koti, akaniomba barua pepe yangu aiongeze chini ya yake kwenye vikumbusho.

"Kwani unaumwa?"

"Fideli naye hakuwa anaumwa."

Nikamtajia, herufi kwa herufi. Orodha ilikuwa wazi mbele yetu: Ineza, miaka minne, anatafutwa na mama yake.