Nyeupe Moja, Nyekundu Mbili

Marehemu mke wangu alikuwa mtu wa Tanga. Mimi ni Msukuma wa Maganzo, nimeishia darasa la saba. Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa na chumba cha video kando ya barabara, wachimbaji wa almasi wakija jioni kutazama picha. Chumba hicho ndicho kilichotulisha. Kisha mtu mmoja akafungua chake ng'ambo ya barabara, akaleta deki ya CD, na mabenchi yetu yakaanza kubaki matupu.

Mke wangu akaenda Shinyanga mjini kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la redio. Akarudi na deki mpya ya CD mapajani, imefungwa kwenye kanga. Mzee alimwambia wazi kwamba televisheni yetu ni ya zamani mno, ina tundu la antena tu, na deki hiyo haina waya wa antena. Walielewana ajaribu, na ikikataa airudishe Jumamosi.

Sikuamini kama itakubali. Yeye alikaa sakafuni, akazigeuza nyaya mkononi kama anayechagua mchicha, kisha akasema, "Deki yetu ya zamani, ile ya kanda, ina matundu ya kuingizia. Hii mpya itaipa picha deki ya zamani, deki ya zamani itaipa televisheni kwa waya wake uleule. Sauti tutaipeleka kwenye amplifaya."

Hakufundishwa na mtu. Alikuwa ameutazama ule waya wa antena miaka yote hiyo, akajua kazi yake.

Tatizo lilikuwa kabati la televisheni na deki. Kwa kuogopa wezi tulilijengea ukutani, likafungwa na nondo mbele. Nyuma palibaki upenyo ambao mkono wangu haukupita, wala wake. Mkono uliopita ni wa mama yangu, mwembamba kama mwiko. Mama alikuwa amekuja kututembelea. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: bei na salamu.

Basi tukajipanga. Mama ubavuni mwa kabati, mkono umezama hadi begani. Mke wangu akiagiza. Mimi mbele ya televisheni, nitafsiri na niseme ninachoona.

"Mwambie ya njano aiweke kwenye deki ya zamani. Nyekundu na nyeupe kwenye amplifaya."

Nikamwambia. Mama akachomeka. Spika zikanguruma kama lori linalopanda mlima, na kwenye kioo zikabaki chenga tupu.

"Unaona nini?"

"Chenga."

"Mwambie arudie."

Akarudia. Ngurumo zilezile. Mara ya tatu mama akauchomoa mkono, akaupuliza vumbi, akaniambia kwa Kisukuma, "Mwambie mkeo aseme anataka ipi. Huku nina nyeupe moja na nyekundu mbili."

Nikatafsiri kama alivyosema, wala sikuona kasoro. Mke wangu akanigeukia.

"Kwenu njano mnaitaje?"

Nikalitaja neno.

"Na nyekundu?"

Nikafungua mdomo, likatoka lilelile. Katika Kisukuma cha mama yangu rangi hizo mbili zilikaa kwenye neno moja, na mimi nilikuwa nimetafsiri kwa uaminifu kabisa jambo lisilo na msaada.

Wengine wangecheka, au wangempa mama pole ya kumdharau. Mke wangu hakufanya hivyo. Alipiga magoti karibu naye, akaacha kupitia kwangu, akasema kwa Kiswahili, polepole, "Mama, moja pilipili. Moja ndizi mbivu. Nipe ndizi."

Mama akazivuta nyaya zote mbili kwenye mwanga, akaziangalia. "Hii ndizi?"

"Hiyo, mama. Ndizi kwenye deki."

Mkono ukazama tena. Ngurumo zikakatika. Chenga zikatetemeka, zikalala, akatokea mtu amepanda farasi, rangi zake safi kuliko nilizowahi kuona kwenye kioo kile.

"Unaona nini?" mke wangu akauliza, ingawa naye alikuwa anaona.

"Farasi."

Mama akaniambia kwa Kisukuma, "Angesema ndizi tangu mwanzo, saa hizi tungekuwa tumekula." Nilipotafsiri, mke wangu alicheka mpaka akaegemea kabati.

Jumamosi deki haikurudi Shinyanga. Chumba kilijaa, wengine wakasimama. Mchimbaji mmoja akamwambia mke wangu, "Shemeji, wewe ni fundi," naye akaelekeza kidole kwa mama aliyekaa mlangoni. "Fundi yule pale. Mimi nilikuwa naongea tu."

Tangu hapo waya ule ukaitwa ndizi. Picha ikipotea katikati, benchi zima lilipaza sauti, "Ndizi imechomoka," na mama, kama yupo, aliinuka bila kuitwa.

Mke wangu amefariki, na chumba nimekifunga. Mama yupo, amezeeka, mkono wake bado ungepita. Juzi tulikula ndizi mbivu na akaniomba nimsogezee moja. Kiswahili chake kimebaki kile cha sokoni, kimejaa Kisukuma. Lakini neno ndizi hulitamka kama mtu wa Tanga, na nilimwomba alirudie, nikijifanya sikusikia.